Septemba 2025: anza na Simbu
Kaka, wewe uliyeuliza kilichotokea Septemba 2025 ukiwa kambi ya dagaa Ukerewe bila mtandao: mengine weka kando, anza na Alphonce Simbu. Tarehe 15, mashindano ya dunia ya riadha Tokyo, kachukua dhahabu ya marathoni, ya kwanza kwa Tanzania kwenye mashindano hayo. Yeye na Mjerumani Amanal Petros wote wamepewa muda uleule, saa 2, dakika 9 na sekunde 48! Picha ya kwenye utepe wa kumalizia ndiyo iliyoamua, tofauti sekunde 0.03. Petros alijirusha akaanguka, Simbu kapita. Kwetu ilikuwa usiku wa manane, kwa hiyo nusu ya Kirumba hapa Mwanza waliamka wakakuta habari imeshapoa (wanaosema waliangalia mubashara, mimi nawaangalia tu). Na si bahati, jamaa alikuwa na shaba ya mashindano hayohayo, London 2017, na Aprili 2025 alishika nafasi ya pili marathoni ya Boston.

Majirani zetu Wakenya walizoa dhahabu 7. Beatrice Chebet peke yake mbili, mita 5,000 na 10,000. Mswidi Armand Duplantis, mruka kwa upondo, karuka mita 6.30, rekodi mpya ya dunia wakati huo.

Ukipata bando, tafuta mita 100 za mwisho za Simbu.