Mashine inachemsha maziwa lakini haitoi povu: acha pampu kwanza, angalia tundu la hewa

Mleta mada, nimesoma maelezo yako na majibu ya wakuu wote. Kwa anayeingia sasa hivi: jamaa ana mashine ndogo ya espresso ya nyumbani, ile ya kujaza maji kwa nyuma, yenye kibomba cha mvuke pembeni. Kahawa inatoka safi na krema juu, yaani lile povu la kahawia la kahawa yenyewe. Maziwa yanapata moto na yanaunguruma kwenye jagi, ila povu hamna. Vinatokea viputo vikubwa vinavyopasuka kabla hajamimina. Fundi kamwambia pampu imekufa, aandae hela. Humu nusu yenu mmemwambia anunue mpya.

Mimi hizi mashine ndizo zinazonilisha hapa Dar. Za migahawa zaidi, ila za nyumbani zikija sizikatai. Nianze na hiyo pampu. Kwenye mashine ya aina yako pampu ni moja tu, na ndiyo hiyo hiyo inayosukuma maji yapite kwenye kahawa. Kama kahawa inatoka na krema, pampu ni nzima. Ingekuwa imekufa ungeisikia inakoroma bila maji kutoka, au ingekaa kimya kabisa, na kahawa yenyewe usingeipata. Hizo baa 15 (baa ni kipimo cha presha) zilizoandikwa kwenye boksi ni za kukamulia kahawa, kwenye maziwa hazina kazi. Mashine kubwa za mgahawani zinapiga povu kwa mvuke wa baa 1 hadi 1.5 tu. Kwa hiyo hela ya pampu irudishe mfukoni, na huyo fundi mwambie asubiri.

Kabla ya kufungua skrubu yoyote, usikilize mvuke wako. Jaza maji baridi kwenye jagi badala ya maziwa. Subiri taa ya mvuke itulie kabisa, wengi wanakimbilia ikiwa bado inapepesa. Elekeza kibomba kwenye kikombe kitupu, fungua, acha yatoke yale maji ya mwanzo mpaka uone mvuke mkavu, funga. Hilo lifanye kila mara, maana usipoyamwaga yanaingia kwenye maziwa na unapata uji mwepesi. Sasa zamisha ncha kwenye maji na ufungue hadi mwisho.

Mvuke ukiwa dhaifu tangu sekunde ya kwanza, kuna kitu kimeziba. Ukianza na nguvu halafu ukafifia jagi likiwa bado vuguvugu, tatizo ni moto, yaani hita haimudu. Ukiwa na nguvu mwanzo hadi mwisho, maji yanazunguka na kuruka, basi mashine yako haina ubaya. Kinachokosekana ni hewa, au maziwa yenyewe ndiyo mabovu. Kwa maelezo yako kwamba maziwa yanapata moto upesi na yanaunguruma, wewe uko kwenye kundi hili la tatu.

Angalia ncha ya kibomba. Mashine nyingi za nyumbani zimevalishwa ganda la plastiki au chuma, nene kama kidole. Juu kwenye ganda hilo, pembeni, kuna kitundu kidogo au kijifereji. Watu wanadhani ni alama tu ya kiwandani. Hapo ndipo hewa inapoingilia. Mvuke unaposhuka kwa kasi ndani ya ganda, unavuta hewa kupitia kitundu hicho na kuichanganya na maziwa. Kikiziba, mvuke unaendelea kuchemsha maziwa kama kawaida lakini hewa haiingii hata chembe. Ndiyo maana unapata maziwa ya moto yasiyo na povu na unahisi mashine imechoka.

Juzi nililetewa mashine ya mama mmoja anayeuza kahawa na vitafunwa, malalamiko ni hayo hayo ya kwako. Ganda kwa nje linang'aa, analifuta kila siku kwa kitambaa. Nikalivuta likatoka kwa shida, limegandiana na bomba. Ndani kulikuwa na tabaka la maziwa makavu, rangi ya samli, gumu kiasi kwamba kucha haiingii, na kile kitundu kwa ndani kimefunikwa chote. Nikaloweka kwenye maji ya moto yenye sabuni kidogo mpaka likalainika, nikasugua kwa mswaki wa zamani, nikapitisha sindano ya kushonea. Harufu yake sitaki kuisimulia. Kuvaa tu, povu hilo. Hakuna kilichobadilishwa.

Ukifanya hivyo kwako, zima mashine, chomoa waya, fungua koki ya mvuke mpaka presha iishe, kisha subiri ipoe. Mvuke wa baa moja una nyuzi 120 hivi, hautanii. Ukishalivua ganda utaona ncha ya ndani yenye tundu moja au matundu machache. Nayo zibua kwa sindano, ila usilazimishe, ukiyapanua umeiharibu ncha. Wakati wa kurudisha, lisukume ganda mpaka mwisho na uangalie kioringi, kile kipete cha mpira, kilichopo pale juu. Kikiwa kimekauka au kimepasuka hewa inapita ovyo, ndiyo unapata vile viputo vikubwa. Unapotumia, maziwa yasifike kwenye kitundu cha hewa. Ukizamisha hadi juu ya kitundu, kinavuta maziwa badala ya hewa, na kesho yake kimeziba tena.

Sasa maziwa, maana hapa ndipo tunapoibiwa. Povu linashikiliwa na protini. Mafuta yanaleta ulaini, lakini mafuta yakianza kuvunjika yanaachia asidi zinazoua povu papo hapo. Maziwa freshi ya kupima yaliyosafiri kwenye dumu juani, yakamwagwa huku na kule, yakashinda dukani, yanaweza kunuka vizuri tu na kuwa matamu kwenye chai, na bado yasipige povu hata ukileta mashine ya mamilioni. Ukiongeza na maji aliyoongeza muuzaji, protini imepungua zaidi. Tabia yetu ya kuchemsha maziwa, kuyaweka kwenye friji na kuyatumia kesho nayo ina gharama yake: ule utando wa juu unaingia kwenye matundu. Na maziwa yaliyokwishapigwa povu mara moja usiyarudie, hayapigiki tena vizuri.

Kipimo chake ni rahisi. Nunua pakiti moja ya maziwa ya muda mrefu, yale ya boksi, hakikisha hayajapita tarehe, yaweke kwenye friji mpaka yawe baridi hasa, kisha jaribu nayo. Yakipiga povu, mashine yako haina kosa, badilisha muuzaji. Kama hutaki kuwasha mashine, mimina maziwa ya moto kidogo kwenye chupa ya kahawa ya kusukuma, ile yenye chujio, upandishe na kushusha kwa nguvu. Yakigoma hata hapo usimlaumu fundi. Jagi nalo liwe safi. Mabaki ya sabuni au ya mafuta ya kupikia yanafukuza povu. Nimewahi kukuta jagi la maziwa kwenye mgahawa mmoja linatumika pia kupimia mafuta ya chapati, halafu meneja ananiuliza mbona mashine mpya haitoi povu.

Aliyeshauri tui la nazi, ndugu yangu, tui ni tamu lakini lina mafuta mengi na protini kiduchu. Halitapanda.

Kuna jambo ambalo halijaguswa na mchangiaji yeyote, nalo ni umeme. Huku kwetu jioni umeme unashuka sana, na nguvu ya hita haishuki sambamba na volti, inashuka kwa mraba wake. Hita ya wati 1,000 iliyotengenezwa kwa volti 230, ukiipa volti 180 itafanya kazi ya wati 610 hivi. Taa ya mvuke itawaka hatimaye, ila ukishafungua koki hita haiwezi kurudisha moto kwa kasi mvuke unavyotoka, ndipo unapofifia katikati ya jagi na kuanza kutema maji. Kama povu linakuja asubuhi na linagoma usiku, usiguse mashine, pima soketi kwanza. Stebilaiza ya kueleweka inamaliza hilo, lakini iwe na uwezo unaozidi wati za mashine. Zile ndogo za televisheni zitaungua.

Hilo linawahusu pia wanaoletewa mashine na ndugu walioko Marekani. Kule ni volti 120, kwa hiyo ni lazima upitishe kwenye transfoma, na mashine ya wati 1,100 ikining'inizwa kwenye transfoma ya wati 500 utapata mvuke wa kubembeleza, kisha utanusa transfoma inaungua.

Kama mvuke ni dhaifu mwanzo hadi mwisho na ncha umeshaizibua, fikiria chokaa. Wanaotumia maji ya kisima wanajua birika linavyoonekana ndani. Kwenye mashine hali ni hiyo hiyo, tofauti ni kwamba huoni. Siki wengi wanaisifia, mimi siitumii, harufu yake inakaa na mipira haiipendi. Ndimu ya unga inatosha: vijiko viwili vya mezani kwa lita moja ya maji, koroga mpaka iyeyuke yote, pitisha nusu kwa kwenye kahawa na nusu kwa kwenye mvuke kidogo kidogo ukipumzisha katikati, kisha suuza kwa matangi mawili ya maji safi. Kama kitabu cha mashine yako kinataja dawa yake maalumu, fuata kitabu. Baada ya hapo tumia maji ya chupa au ya kuchuja.

Aliyeuliza kuhusu mashine za kujiendesha zenye chombo cha maziwa ubavuni: kanuni haibadiliki. Mvuke unavuta maziwa kwa mrija na hewa kwa kitundu chembamba kwenye kifuniko. Povu likipotea, kitundu cha hewa kimeziba au kirekebishio kimesogezwa kwenye maziwa moto bila povu. Ikitema na kupiga chafya, mrija umepasuka au haujakaa vizuri. Fungua kila kipande kinachofunguka, loweka, paka oringi mafuta ya silikoni yanayofaa kwa vyakula. Oringi Kariakoo zipo, nenda na ya zamani mkononi, na uliza ya silikoni.

Na dada aliyeuliza kuhusu kile kikombe cha umeme cha kupigia povu: angalia kama ile springi bado iko kwenye kipigio. Bila springi kinakoroga tu. Na usijaze kupita mstari wa chini, wa juu ni wa kupasha moto peke yake.

Ukimaliza kusafisha, kama kibomba chako ukilivua ganda ni kitupu, unaweza kupiga povu bila ganda kabisa, mimi napenda hivyo. Ncha iguse tu uso wa maziwa mpaka usikie mlio kama karatasi inachanwa, acha yapande kwa theluthi moja hivi, kisha zamisha yazunguke mpaka jagi lisishikike kwa kiganja, funga. Hapo ni kama nyuzi 60 hadi 65. Ukivuka 70 ladha inakuwa ya kuungua na povu linaanza kukatika. Futa bomba na kitambaa kibichi hapo hapo, kisha fungua mvuke kidogo utoe maziwa yaliyonyonywa ndani wakati linapoa.

Baada ya yote hayo, kama bado yanatoka maji ya moto badala ya mvuke, hapo sasa mwite fundi. Mwambie apime thamostati ya mvuke, yaani swichi inayodhibiti joto, na aangalie koki kama inavuja. Akikutajia pampu tena kabla hajashika mita, mtafute mwingine.