Bawa fupi la kiinitete cha kuku na jeni ya FGF8

Umeuliza kama bawa fupi ulilopata baada ya kuondoa ukingo wa ncha ya chipukizi (kinundu kinachokua kuwa bawa) linathibitisha kazi ya jeni ya FGF8, inayotengeneza protini ya kuchochea ukuaji. Bado, ndugu yangu. Ukingo huo hutoa pia protini ya FGF4 na nyinginezo za jamii hiyo, kwa hiyo umeondoa zaidi ya jeni moja. Weka ushanga mdogo uliolowekwa katika protini ya FGF8 pale ulipokata. Bawa likiendelea kurefuka, hapo una hoja. Andika pia umri wa kiinitete: ukikata karibu siku ya 3 hubaki sehemu ya juu ya bawa tu, karibu na bega, ukichelewa hukosekana vidole. Mwanabiolojia John Saunders alilionyesha hilo mwaka 1948, na hadi leo linanisisimua! Bawa la upande wa pili usiliguse, ulilinganishe.