Vidio ya serikali ikipigwa klemu YouTube, uliza kwanza ni serikali ipi

Wanaonifuata wanajua mimi ni mtu wa vidio za historia ya huku kwetu Malindi, na iliyoniletea watu wengi ni ile ya Ngomeni, mitambo ya Wataliano iliyosimama baharini ambayo watoto wa siku hizi wakiiona wanadhani ni ya kuchimba mafuta. Nilikuwa naeleza vile setilaiti ya Uhuru ilirushwa pale tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, ndio ikapewa jina hilo, na yenyewe ilikuwa ya NASA, shirika la anga la Marekani, basi nikatia klipu ya NASA. Kidogo tu naletewa klemu, yaani dai la hakimiliki, ati zile sekunde za roketi ni mali ya stesheni ya tivi ya nchi ambayo hata sijawahi kuikanyaga.

Wengi wakifika hapo hufuta vidio mbio mbio. Usifute.

Kinachotokea ni hivi, stesheni ikisoma habari huchukua klipu ya NASA ya bure kama vile ulivyochukua wewe, halafu taarifa nzima ya habari inatiwa kwenye Content ID, ile mashine ya YouTube ya tangu 2007, na mashine haijui kwamba kile kipande cha katikati si cha stesheni, yenyewe inaona picha zimefanana basi inakushika. Na si sisi wanyonge tu, Agosti 2012 Curiosity, kile chombo cha NASA, ilipotua kwenye sayari ya Mars, vidio ya NASA wenyewe, kwenye chaneli ya NASA wenyewe, ilishushwa kwa sababu kampuni ya habari ya Scripps ilidai ni yake! Ikabidi irudishwe.

Sasa wewe jibu. Sheria ya kopirait ya Marekani kifungu cha 105 inasema kazi iliyofanywa na mfanyakazi wa serikali kuu yao akiwa kazini haina kopirait huko. Mimi niliandika maneno machache tu: picha hizi ni za NASA, ni kazi ya serikali ya Marekani, kifungu ni hiki, linki ya pale nilipoidaunlodi ni hii. Bila matusi, bila kueleza shida zangu za nyumbani. Aliyeklemu anapewa siku 30 za kujibu na akinyamaza klemu inaanguka yenyewe. Ndio maana nawaambia kila siku, ukidaunlodi klipu wekeni linki na skrinshoti ya ile peji siku hiyo hiyo, manake peji huhama. Na usikilize klipu mpaka mwisho, ikiwa wametia muziki wa msanii, huo muziki si wa serikali, utakamatwa kwa haki.

Lakini hiyo ni Marekani. Kwetu ni kinyume kabisa na hapa ndipo vijana wengi wanapokwama. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inasema kazi iliyotengenezwa na serikali hakimiliki yake ni ya serikali, kilichoachwa nje ni maandishi ya sheria zenyewe na hukumu za korti. Watu hunijibu, kwani si kodi yetu ndio ilinunua hiyo droni ya serikali ya kupigia vidio? Ndio, na lendrova ya polisi pia, haya nenda kaiwashe. Na Wataliano vilevile, klipu ya shirika lao la anga haihusiki na hicho kifungu cha 105, soma masharti yao kwanza.

Rafiki yangu mmoja wa Shela yalimkuta hayo. Alichukua vidio ya droni ya bandari mpya ya Lamu, ya ofisi moja ya serikali, akaiapulodi nzima nzima na jina la chaneli yake juu, ikashushwa. Hapo hana kesi. Lau angekata kipande kifupi, akataja kimetoka wapi, akazungumza juu yake yeye mwenyewe, vile wavuvi wanavyoiona hiyo bandari, angekuwa na la kusema, manake sheria yetu inaruhusu kutumia kwa kiasi ukiripoti habari au ukikosoa. Mabadiliko ya 2019 ndiyo yaliyoleta notisi za kushusha vitu mtandaoni kwenye sheria yetu, na pia yakafanya notisi ya uongo kuwa kosa, kwa hivyo anayekutisha bure naye yuko matatani.

Jambo jengine, msichanganye klemu na straiki. Klemu ni mashine, mara nyingi inakula pesa za matangazo tu. Straiki ni mtu ametuma notisi ya kushusha vidio yako, na zikifika tatu ndani ya siku 90 chaneli inafutwa. Kuipinga straiki unaandika jina lako kamili, anwani na simu, na unakubali kushtakiwa korti ya Marekani, na hayo yote anapelekewa aliyekushtaki, kisha ana siku 10 za kazi kuonyesha amekwenda kortini, la sivyo vidio inarudi. Ukiwa na haki ya wazi kama ile ya NASA, andika usiogope. Yule wa Shela alipofika pale pa anwani akafunga laputopu, akaiacha straiki iishe na siku zake 90, na mimi namuona alifanya sawa.