Masomo ya Flash: HTML5 inatosha?

Umeuliza kama HTML5, lugha ya kuundia kurasa za wavuti, inaweza kubeba masomo yako yaliyotengenezwa kwa Flash, ile programu ya zamani ya Adobe ya video na michoro ya mtandaoni, au utafute kivinjari cha zamani. Achana na kivinjari cha zamani, ndugu yangu. Adobe waliacha kuihudumia Flash tarehe 31 Desemba 2020, na tangu 12 Januari 2021 yenyewe inakataa kucheza. Mianya yake ya usalama haizibwi tena.

Video ni rahisi: zigeuze ziwe MP4, weka tagi ya video (alama ya HTML5 inayoonyesha video kwenye ukurasa), basi. Kazi ipo kwenye maswali na michoro ya kubofya. Hayo huandikwa upya kwa JavaScript, lugha ya programu ya vivinjari, michoro ikichorwa kwenye kanvasi, yaani eneo la kuchorea ndani ya ukurasa. Ila kabla hujaandika hata mstari mmoja, jaribu Ruffle, programu huria inayoigiza Flash ndani ya kivinjari cha kawaida. Faili zilizoandikwa kwa ActionScript (lugha ya programu ya Flash) toleo la 1 na la 2 kwa kawaida hukubali. Za ActionScript 3 zijaribu moja moja.

Na tafuta faili za FLA (zile za asili unazoweza kuhariri), si SWF tu (zile zilizokamilika za kuchezwa). Mimi niliwahi kuzipoteza, nikachora upya kila kitufe kwa kukodolea macho skrini.