Huna karatasi ya kuokea? Paka siagi na unga

Kwa keki, huhitaji karatasi. Paka chombo siagi laini kila mahali, hasa kwenye kona na pale ukuta unapokutana na kitako, maana ndipo keki hung'ang'ania. Nyunyiza kijiko kimoja cha unga wa ngano, zungusha chombo hadi unga ushike kote, kigeuze na ukigonge ili unga uliozidi udondoke. Keki ya chokoleti itumie kakao badala ya unga, isije ikatoka na madoa meupe. Mafuta ya maji hayafai sana: huteremka ukutani na kutuama chini.

Ikishaiva, iache dakika 10 kabla ya kuigeuza. Ikiwa moto sana inavunjika. Ikipoa kabisa chomboni, siagi huganda na keki inanata.

Foili inafaa, lakini ipakwe mafuta, na biskuti huwahi kuungua chini, kwa hiyo zichungulie mapema. Biskuti zenye siagi nyingi hazihitaji chochote.

Karatasi ya nta usiiweke kwenye oveni kamwe: nta huyeyuka na kutoa moshi. Gazeti nalo lina wino, liache.