Maswali ya Wasomaji: Glavu, Mkono na Tangi la Matumbawe

SWALI: Mhariri, salaam. Mimi ni mzaliwa wa Kilifi na ninaishi Birmingham, Uingereza, kwa mwaka wa tisa sasa. Sebuleni nina tangi la maji ya chumvi la lita 300, lenye matumbawe hai, samaki watano na mawe niliyoyanunua kwa mtu aliyekuwa akihama nyumba. Kila Jumamosi huingiza mkono hadi begani ili kusugua mwani kwenye kioo, kuinua matumbawe yaliyoanguka na kufyonza uchafu. Rafiki mmoja ananiambia nivae glavu kila mara, mwingine anashikilia kwamba glavu huua matumbawe. Nami nikikumbuka utoto wangu, siku za bamvua tulitembea mwambani tukitafuta pweza kwa mikono mitupu, wala simkumbuki aliyeugua. Je, glavu zinahitajika kweli, na ni za namna gani?
Msomaji, Birmingham

JIBU: Ndugu yetu wa Kilifi, kumbukumbu yako ni ya kweli, ila mwamba wa kwenu na tangi la sebuleni kwako ni maji mawili tofauti. Mwambani bahari hujaa na kukupwa mara mbili kwa siku na kuuosha mwamba wote, ilhali maji ya tangi ni yale yale, yanazunguka humo humo katika joto la nyuzi 25 au 26 usiku na mchana, pamoja na chakula kilichobaki na wanyama waliosongamana katika nafasi ndogo. Tena wazee waliotufundisha kutafuta pweza hawakutanguliza mkono shimoni. Walitanguliza mti, na wengi walivaa viatu. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza ni glavu gani, ni vyema ujue mkono wako unakwenda kugusa nini, kwa sababu hatari za tangi si za namna moja na hakuna glavu moja inayozizuia zote.

Linalonitia wasiwasi zaidi katika barua yako ni yale mawe. Mawe ya mtu mwingine mara nyingi huja na wageni ambao mnunuzi hakuwaagiza, na miongoni mwao ni wanyama wadogo wanaofanana na vifungo au viua vilivyobanana kwenye jiwe, kila kimoja kikiwa na minyiri mifupi kuzunguka ukingo wake. Wafugaji huwaita zoantidi na palithoa. Wengi wao hawana madhara makubwa, lakini baadhi yao wana palitoksini, mojawapo ya sumu kali kuliko zote zilizowahi kupatikana katika viumbe hai. Sumu hii ilitengwa kwa mara ya kwanza na Richard Moore na Paul Scheuer wa Chuo Kikuu cha Hawaii, ambao walitangaza matokeo yao mwaka 1971. Huharibu pampu ndogo zilizo kwenye ukuta wa kila seli, zile zinazotoa sodiamu nje na kuingiza potasiamu ndani, na pampu hizo zikishindwa kazi, misuli hudhurika, na moyo nao ni msuli. Rangi haitoshi kukuambia yupi ana sumu na yupi hana. Hata wale wa kahawia wasiopendeza, ambao watu hutamani kuwasugua na kuwatupa, wanaweza kuwa ndio wakali zaidi.

Kwa wanyama hawa sina mashaka hata kidogo: usiwaguse bila glavu, na glavu peke yake haitoshi. Wakibanwa au kukatwa huweza kurusha maji, kwa hiyo macho nayo yanahitaji miwani ya kujikinga inayofunika pande zote. Hatari kubwa kuliko kugusa ni mvuke. Mwezi Machi 2018, katika kijiji cha Steventon, Oxfordshire, huko huko Uingereza unakoishi, watu wa nyumba moja pamoja na wazima moto waliofika kuwasaidia walipelekwa hospitali baada ya matumbawe ya aina hii kutolewa tangini. Ndiyo maana ninakuomba usichemshe jiwe la tangi kamwe, usilimwagie maji ya moto, wala usilisugue kwa brashi likiwa nje ya maji. Ikiwa baada ya kazi utahisi ladha ya chuma mdomoni, baridi kama ya homa, ganzi midomoni au kifua kubana, toeni watu wote nje ya nyumba na mwende hospitali mkitaja neno palitoksini, kwa kuwa daktari asipoambiwa anaweza kudhani ni mafua makali.

Sasa nije kwenye glavu zenyewe. Kwa kazi ya kawaida ninapendelea glavu za nitrili (mpira wa kutengenezwa viwandani) zisizo na unga ndani. Za lateksi (mpira wa asili) huwasha ngozi za baadhi ya watu, na zile zenye unga huchafua maji. Kasoro ya glavu fupi ni kwamba huishia kifundoni, nawe unaingiza mkono hadi begani. Maji huingia kwa juu, na kuanzia hapo mkono wako unakaa ndani ya mfuko wa maji ya tangi yaliyogandamizwa kwenye ngozi kwa muda wote wa kazi. Kwa maoni yangu, glavu iliyojaa maji ni mbaya kuliko mkono mtupu usio na jeraha, kwa sababu inampa mvaaji imani isiyo na msingi. Tafuta basi zile ndefu za kufika begani zenye mpira wa kubana kwa juu. Wasomaji wetu walioko Afrika Mashariki wanaweza kutumia glavu ndefu za plastiki ambazo madaktari wa mifugo huzivaa wakati wa kumpandikiza ng'ombe mbegu, zinazouzwa kwenye maduka ya dawa za mifugo kwa bei nafuu. Kwa kuwa ni nyembamba na huchanika upesi kwenye vidole, vaa ya nitrili juu yake.

Rafiki yako anayesema kwamba glavu huua matumbawe hakukosea kabisa, maana glavu ya jikoni yenye mabaki ya sabuni, au iliyotiwa dawa ya kuua vijidudu kiwandani, inaweza kuleta madhara. Nunua za tangi peke yake na uzisuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi kabla ya kuzitumia. Ubaya mwingine wa glavu nene ni kwamba huondoa hisia za vidole, na tawi la tumbawe jembamba huvunjika kabla hujajua kuwa umeligusa. Kwa sababu hiyo ninakushauri kazi ya kusugua kioo uifanye kwa sumaku ya kusugulia au kwa kikwangulio chenye mpini mrefu, na kuinua matumbawe uyainue kwa koleo refu la plastiki pale inapowezekana. Mkono usioingia majini hauhitaji glavu.

Kuhusu miiba, usidanganyike: hakuna mpira mwembamba unaozuia mwiba. Kangaja ana wembe kwenye shina la mkia, na yule samaki wa manjano mwenye uso wa mbweha anayependwa sana na wafugaji ni jamaa ya tasi, ambaye wewe mtoto wa pwani huhitaji kuelezwa habari za miiba yake. Akikuchoma, tumbukiza mkono katika maji ya moto yanayovumilika, yasiyozidi nyuzi 45, kwa muda wa dakika 30 hadi 90, kwa kuwa joto huivunja sumu hiyo. Pima maji kwa mkono ambao haukuchomwa, maana ule wenye maumivu unaweza kuungua bila wewe kuhisi.

Na kabla ya yote hayo, chomoa hita na pampu kwenye umeme. Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri mno, na mkono wenye unyevu uliozama hadi begani ni njia pana. Soketi za tangi ziwe kwenye kikata umeme cha miliampia 30, yaani kile kinachokata umeme mara tu unapovuja.

SWALI: Mhariri, assalaam alaykum. Mume wangu anafuga samaki na matumbawe hapa nyumbani Muscat. Kidoleni kwake kilitokea kipele chekundu wiki saba zilizopita, kikawa kidonda kisichouma sana, na sasa vinundu vingine vinajitokeza vikipanda kuelekea kiwiko. Amepewa dawa za kuua bakteria mara mbili bila nafuu. Jirani ametuambia kuwa ni kifua kikuu cha samaki, nami nina watoto wadogo. Je, wataambukizwa?
Mama wa watoto watatu, Muscat

JIBU: Wa alaykum salaam, dada yetu. Safu hii haiwezi kumpima mgonjwa, lakini uliyoyaeleza yanatosha kukuambia kwamba mume wako aende kwa daktari wa ngozi wiki hii, na kwamba sentensi yake ya kwanza iwe: mimi ninafuga samaki na huingiza mikono tangini. Wagonjwa wengi wa aina hii huzunguka na dawa zisizowafaa kwa miezi kwa sababu hakuna aliyeuliza habari za tangi, nao hawakufikiri kuitaja.

Jirani yako anazungumzia bakteria waitwao Mycobacterium marinum. Joseph Aronson aliwatenga mwaka 1926 kutoka kwa samaki wa maji ya chumvi waliokufa katika akwaria ya Philadelphia, Marekani, na baadaye ikajulikana kuwa humwingia binadamu kupitia mchubuko au mkato mdogo wa ngozi. Ni wa jamii moja na bakteria wa kifua kikuu, lakini ugonjwa wao si kifua kikuu chenyewe. Hustawi katika joto la nyuzi 30 hadi 33, na joto la ndani ya mwili wa binadamu, nyuzi 37, haliwafai. Ndiyo sababu kwa mtu mwenye afya hubaki kwenye vidole na mikono, sehemu zilizo baridi kidogo, na mara nyingine hupanda kwa kufuata mishipa ya limfu kama unavyoona. Dalili huchukua kwa kawaida wiki mbili hadi nne kujitokeza, pengine miezi, hata mtu akawa ameshausahau mkwaruzo ulioanzisha yote.

Ili kuuthibitisha, daktari hukata kipande kidogo cha ngozi na kukipeleka maabara. Hapa pana jambo moja dogo ambalo huharibu kazi yote: maabara isipoambiwa kinachotafutwa, itaotesha kipimo hicho kwenye nyuzi 37, na bakteria hawa wanaweza wasiote kabisa. Waombeni waoteshe pia kwenye joto la karibu na nyuzi 30, na wangojee wiki kadhaa. Tiba ipo, nayo huchukua miezi. Kidonda kikianza kufunga, dawa zisiachwe.

Watoto wako hawataambukizwa kwa kukaa na baba yao, kwani ugonjwa huu hauhami kutoka mtu hadi mtu. Njia ya kuwafikia ni maji na vyombo. Ndoo, mipira ya kupitishia maji na glavu za tangi visioshwe katika beseni au bafu wanamoogeshwa watoto, wala kwenye sinki la jikoni. Mume wako naye asiingize mkono tangini mpaka apone, hata kwa glavu. Mtu mwenye kisukari, ugonjwa wa ini au kinga dhaifu ya mwili anapaswa kuwa mwangalifu zaidi, kwa sababu maji ya chumvi yenye joto huweza kuwa na bakteria wengine, wale wa jamii ya Vibrio, ambao hawangoji wiki: mkono ukivimba, wekundu ukasambaa na homa ikapanda ndani ya saa chache, hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo.

SWALI: Baada ya kushika matumbawe yangu bila glavu jana, yote yamejikunja na chombo cha kutoa povu (kinachosafisha maji kwa kunasa uchafu) kimeacha kutoa povu. Nilikuwa nimejipaka losheni asubuhi. Nifanye nini?
Msomaji, Nyali, Mombasa

JIBU: Tumbawe kujikunja baada ya kuguswa ni kawaida, na kwa kawaida hufunguka tena. Povu kukatika kunaonyesha kuwa mafuta ya losheni yameingia majini. Weka mkaa amilifu (mkaa maalumu wa kunyonya uchafu) kwenye kichujio, badilisha sehemu ya tano ya maji, na uache taa na mzunguko wa maji kama ulivyokuwa. Siku nyingine nawa mikono hadi kwapani kwa sabuni isiyo na manukato, suuza kwa maji mengi mpaka utelezi uishe, kisha vua saa na pete, kwa kuwa shaba hata kidogo huwadhuru kamba na konokono wa tangi. Ukimaliza kazi, nawa tena kwa sabuni, kabla hujagusa macho wala chakula.