Nyumba Ndogo Pembezoni mwa Mji: Tukague Nini Kabla ya Kulipa?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mimi na mwenzangu tumepata nyumba ya vyumba viwili pembezoni mwa mji. Imepakwa rangi hivi karibuni nasi tumeipenda, ila ukuta wa nyuma una ufa unaoanzia kwenye kona ya dirisha. Mwenye nyumba anasema ni lipu tu. Je, tumwamini?

JIBU: Ufa huo nitaufikia, lakini kwanza nawasihi mtoke nje ya uzio. Paa huezekwa upya na chumba huongezwa uwezo ukipatikana, ilhali mteremko wa ardhi na njia ya maji ya mvua ni vitu ambavyo mnunuzi hurithi jinsi vilivyo. Nendeni huko mvua inaponyesha, mtazame maji yanatoka wapi na yanaelekea wapi, kwa maana nyumba iliyo bondeni hupokea maji ya mapaa na nyua zote zilizo juu yake. Iwapo majirani wameinua vizingiti vya milango, au kuta zao zina alama ya tope iliyokauka kwa usawa mmoja, waulizeni waliokaa hapo miaka mingi. Mara nyingi watawaeleza asichokisema muuzaji. Kuzunguka nyumba yenyewe, ardhi yafaa iteremke kutoka ukutani kwa sentimita 15 hivi katika mita 3 za mwanzo.

Sasa ufa. Ule usiozidi milimita 1 kwa kawaida hutokana na lipu kusinyaa inapokauka, na hapo mwenye nyumba atakuwa amesema kweli. Ufa unaokwenda mshazari kutoka kona ya dirisha, uliopanuka upande mmoja kuliko mwingine na unaoonekana ndani na nje, ni jambo jingine: kona hizo ndipo mkazo wa ukuta unapokusanyika, na chanzo chaweza kuwa msingi uliotitia kwa sababu ya udongo wa mfinyanzi unaovimba na kusinyaa, au bomba linalovuja chini. Ukizidi milimita 5, msilipe chochote kabla fundi mliyemchagua wenyewe hajaukagua. Rangi mpya pia huficha unyevunyevu. Ule unaopanda kutoka ardhini kwa kawaida hauvuki mita 1 na huacha chumvi nyeupe ukutani; doa lililo juu zaidi litafutiwe sababu kwenye paa au bomba.

Ikiwa maji ya kunywa yatatoka kisimani, pimeni umbali hadi shimo la choo, la kwenu na la jirani vilevile, kwani uzio hauzuii uchafu kupita udongoni. Mita 30 ndicho kipimo kinachotumiwa sana.

Kuhusu kelele za barabarani, pitieni pia usiku. Umbali kutoka barabara yenye magari mengi ukiongezeka maradufu, sauti hupungua kwa desibeli 3 hivi tu, kwa hiyo chumba cha kulala kilicho upande wa pili wa nyumba kina faida kuliko hatua chache za ua.

Udogo wa nyumba usiwatie shaka hata kidogo, maadamu pamebaki nafasi ya kuongeza chumba. Mwombeni mwenye nyumba ruhusa ya kubandua lipu kidogo kandokando ya ufa, mwone kama umeishia kwenye lipu au umeingia ukutani. Akikataa, tafuteni nyumba nyingine.